Ile Mbili ya Mzee Ndahani

Alhamisi, Ipagala. Upepo na vumbi tangu asubuhi.

Leo situlii. Nimefagia baraza mara mbili, na mara zote mbili upepo umerudisha vumbi palepale, kama vile tuna ugomvi wa siku nyingi. Nimechemsha chai nikaisahau, nikaipasha, ikapoa tena. Nimepanga viatu vyangu kwa rangi. Viatu vyenyewe ni jozi nne, na zote nyeusi.

Basi niandike. Nikiandika, angalau miguu inakaa mahali pamoja.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ni msaidizi katika utafiti wa huduma shufaa, yaani ile huduma ya kumpunguzia maumivu na mahangaiko mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena, na kuwashika mkono wanaomuuguza. Tunawauliza wagonjwa, tunawauliza ndugu zao, tunawauliza na wauguzi. Mimi ndiye ninayepita majumbani na kishikwambi. Swali langu la kwanza ni lilelile kila nyumba: kuanzia sifuri mpaka kumi, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyovumilika, leo uko wapi?

Mzee Ndahani alikuwa anasema mbili.

(Ndahani si jina lake. Jina lake nimeliacha kwao.)

Ni mkulima na mfugaji kutoka kijiji kimoja huko Chemba. Saratani ilipoingia kwenye mifupa, mwanawe, fundi seremala, akamleta kwake Nzuguni ili awe karibu na matibabu. Kila nikienda namkuta amekaa kwenye kiti cha mbao ukutani, fimbo yake kando, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Namwamkia shikamoo babu, ananijibu marahaba mjukuu wangu, halafu yeye ndiye anayeanza kuniuliza maswali: nimetokaje huko, nimekula nini, mvua ikija nitalima au nitaendelea kushika hicho kioo? Nikifika kwenye swali langu anacheka kidogo. "Mbili," anasema. "Mbili tatu hivi. Andika mbili."

Nikaandika mbili. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Fomu yangu nakala yake hubaki kwenye faili la mgonjwa. Sista Magreth, muuguzi anayepeleka mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, huisoma kabla ya kupima dozi. Alikuta mbili, akaacha dozi ilivyo. Angefanya nini tena? Mbili ni mbili.

Na hapa niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilimpenda yule mzee kwa sababu ya mbili yake. Wagonjwa wengine wanapanda na kushuka, leo saba, kesho nne, grafu zao zimevunjikavunjika. Yake ilikuwa mstari ulionyooka, chini kabisa, safi. Nilimtaja kwenye kikao. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba huyu maumivu yake yamedhibitiwa. Dokta, mkuu wa utafiti wetu, akaitikia kwa kichwa. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na kile kichwa kilivyoitikia nilikihesabu kama nusu ya mkataba mpya.

Jumanne bodaboda wangu akapata pancha.

Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililotokea, hakuna kubwa zaidi. Kwa kawaida kijana yule hunisubiri nje, pikipiki inanguruma, na mimi nikimaliza fomu naaga nikiwa nimeshasimama. Mama Neema, mkwe wa mzee, ndiye anayemuuguza. Kila mara alikuwa akijifunga kanga vizuri anisindikize, na kila mara namwambia usisumbuke mama, nakimbia. Mimi niliyelelewa na bibi ambaye kwake mgeni akiondoka bila kusindikizwa ilikuwa aibu ya nyumba nzima!

Jumanne sikuwa na pa kukimbilia. Akanisindikiza. Tukapita kona ya kwanza. Tukapita ya pili. Tulipofika kwenye lile duka la mkaa akasimama.

"Dada, samahani. Baba anang'ata shuka."

Sikuelewa. Akanieleza huku anatazama mkaa. Kwamba usiku mzee anajaza shuka mdomoni ili wajukuu wasisikie. Kwamba lile la kwanza limetoboka na la pili ameshalishona mara mbili. Kwamba asubuhi siku zangu za kuja, mzee humwambia amletee shati na amfunge vifungo, kwa sababu mikono yake haiwezi, kisha hukaa pale kwenye kiti kunisubiri.

Nikamuuliza mbona hukuniambia. Swali la kijinga, lakini nililiuliza.

"Ningesemaje mbele ya baba mkwe? Yeye amesema mbili, mimi niseme mzee anadanganya? Na kukusindikiza ulikuwa hutaki."

Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa shuka. Lilikuwa grafu. Nilifikiria ule mstari wangu ulionyooka, nikafikiria ripoti inayotakiwa kutoka wiki hii. Kwa muda wa kutoka duka la mkaa mpaka barabara ya lami, nilikuwa nahesabu kama inawezekana kurekebisha dozi ya mzee bila kugusa namba zangu. Nikaona inawezekana. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilimpigia Sista Magreth nikiwa barabarani. Alinisikiliza habari ya shuka mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikimpimia mtu mwingine," akakata. Jana alikwenda na maelekezo ya daktari, dozi ikaongezwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kujua. Bibi yangu alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Wapo." Ukimuuliza ng'ombe, "Wawili watatu tu," na zizi limejaa. Nyumbani kwetu hatukuhesabu chenye uhai kwa sauti mbele ya mgeni, na mgeni mwenye kalamu ndiye kabisa. Nilijua hivyo kabla sijajua kusoma. Kisha nikaenda chuo, nikapewa kipimo cha sifuri mpaka kumi, nikasahau kwetu ni wapi. Mtu angeweza kunitupia ile methali ya mficha maradhi, kwamba kilio kitamuumbua. Lakini mzee hakuficha. Alinijibu kwa adabu zote alizofundishwa. Aliyeuliza vibaya ni mimi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Dokta. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea mlangoni. Nikamwambia tu: namba za Mzee Ndahani si za kweli, na mimi ndiye niliyeziandika.

Akavua miwani. Nilisubiri anifokee, ningependelea anifokee.

"Wangapi wengine?" akauliza.

"Sijui, Dokta."

"Basi ripoti isubiri. Rudi kwao wote."

Mkataba hakuutaja, na mimi sikuutaja. Nimetoka pale nimetulia kwa kama dakika tano. Tangu hapo ni hilo swali linanizunguka kama nzi. Wangapi wengine?

Mchana nikaenda Nzuguni. Kishikwambi nimekiacha nyumbani, nikajihisi kama nimetoka bila nguo. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, lakini leo hakujua kama nakuja, kwa hiyo shati lilikuwa wazi na nikaona jinsi kifua kilivyoisha. Nikamwomba radhi. Nilimwambia nimekuja kwake na kalamu kama karani, nikaandika nilichoambiwa nikaenda zangu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, mtu akija na kalamu kuuliza idadi, anapewa wawili watatu. Hata bwana mifugo tulimpa hivyohivyo."

"Sasa babu, nikuulizeje?"

Akafikiri. Hakuwa na haraka, na kwa mara ya kwanza na mimi sikuwa nayo.

"Niulize kama mfugaji anavyoulizwa. Mfugaji haulizwi ana ng'ombe wangapi. Anaulizwa, wametoka? Wamekwenda mpaka wapi? Wamerudi?"

Halafu akaanza kunieleza, bila fomu, mambo ambayo kwa wiki nne sikuyapata. Maumivu yake hutoka asubuhi jua likipanda, si yote, yale makubwa hubaki yamelala mgongoni. Mchana huwa mbali kidogo, anaweza kumsikiliza mtu. Jua likielekea kuzama anayasikia yanakuja, yametangulia yale ya kiunoni, mengine nyuma. Usiku yote yako ndani na hakuna pa kugeukia. Anasema mchungaji mzuri hana haja ya namba. Akisimama mlangoni mwa zizi anajua nani hayupo.

Kitanda usicholala hujui kunguni wake, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikwenda na rula kukipima kitanda.

Nikamuuliza. Sauti yangu haikuwa ya mtu aliyesoma.

"Babu, jana jioni yamerudi?"

Akatazama nje, kule njia inakokuja, kwa muda mrefu. Nilimwona akiyatafuta mojamoja.

"Yamerudi," akasema. "Ila hayakurudi yote."

Mama Neema alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Hakusema neno, mkwe wake alikuwa pale. Alinyanyua tu shuka kutoka juu ya beseni akalikunjua mbele yangu. Kavu. Mishono yote mizima.

Nililia. Sitasingizia vumbi.

Nilipoaga alijifunga kanga na sikumzuia. Tulitembea taratibu mpaka kwenye lami, tukapitiliza, tukarudi, na njiani akaniambia ya kwake. Kwamba tangu mzee aje, yeye hulala ameketi, mgongo ukutani, ili amsikie. Kwamba ameacha biashara yake ya maandazi. Kwenye fomu yangu kuna ukurasa mzima wa wanaouguza. Kwake nilijaza "hana tatizo", kwa sababu ndivyo alivyosema, na baba mkwe wake alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale.

Kwa hiyo situlii. Mzee amepata usiku mmoja, na nilimnyima wiki nne nzima. Hizo hazirudi kwa kuomba radhi, wala kwa Dokta kuvua miwani, wala kwa kuandika hapa.

Na kuna bibi mmoja hapahapa Ipagala, mitaa miwili kutoka ninapokaa. Huwa naenda kwake kwa bodaboda, eti naokoa muda. Yeye hata mbili hasemi. Kila wiki ananishika mkono, anatabasamu, anasema sifuri, mwanangu, sifuri kabisa. Na kila wiki binti yake anayemuuguza anatazama chini. Nilikuwa namwona akitazama chini. Nikadhani ni haya.

Nimeshampigia kijana wa bodaboda, nimemwambia kesho asije. Nitaenda kwa bibi kwa miguu, nitakaa mpaka waniletee chai nyingine, na nikishaaga nitasimama mlangoni, nimngoje binti ajifunge kanga.