Makaa Niliyoyaacha Chumbani kwa Mzazi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako upesi maana sikai nikakalika, nikiingia ndani natoka, nikitoka narudi. Mimi ni Riziki, mjane wa hapa Rumonge, nakausha samaki ufukweni, na tangu vita hii ya Wadachi ianze mafuta ya taa hayatufikii tena, na mawese tuliyokuwa tunawashia yamechukuliwa kwa chakula cha askari, basi mwanga wetu na joto letu ni kuni tu. Mkamwana wangu Zuwena, mke wa mwanangu Feruzi, alijifungua mtoto wa kike, na siku ya tano mchana mvua ikashuka na baridi ya milimani, nikaona mzazi asipigwe na upepo, nikatoa kuni zenye moshi nikaacha makaa mekundu kwenye chungu karibu na kitanda, nikaziba dirisha kwa gunia na chini ya mlango nikasokota nguo. Zuwena akaniambia, "Mama, kichwa iko inaniuma, fungua kidogo." Nikamjibu, "Mzazi hafunguliwi upepo," nikaenda kuwafunika samaki wangu. Niliporudi nilimkuta amelegea, mtoto naye kimya, nikawaburuta wote wawili mpaka nje kwenye mvua, mtoto akalia, mama yake akatapika, wakapona.

Feruzi akauliza nani aliingia humu, nami nikanyamaza. Jirani akasema asubuhi alikuja Biasha mkunga. Sasa wanamwita mchawi, nyumba yake imepigwa mawe, wamempa mpaka mwezi uandame awe amehama, na ni yeye huyo aliyempokea Feruzi siku nilipomzaa! Zuwena hakumbuki kitu. Nikisema, mwanangu atanichukia, nisiposema, silali. Na moto wenyewe sasa naogopa kuuwasha na naogopa kuuzima. Nifanye nini?

JIBU

Bi Riziki, gazeti litachelewa, kwa hiyo jibu hili nampa Uledi aliyeleta barua yako, arudi nalo leo leo.

Pole. Ulitaka kumpasha joto mkamwana wako, hukutaka kumwua. Lakini usijifiche nyuma ya pole yangu. Dirisha uliliziba kwa kutojua; mawe yanayomwangukia Biasha unayajua.

Hapo hakuna uchawi. Makaa hata yasipotoa moshi hutoa hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, na chumba kikizibwa hewa hiyo humlevya mtu, kichwa kikamuuma, akalala asiamke. Zuwena alikuambia kichwa kinamuuma. Ungemsikiliza!

Moto endelea kuwasha, mzazi anahitaji joto. Ila gunia hilo litoe dirishani, na mlango uache nafasi hata mvua ikinyesha. Akiona baridi mwongeze nguo. Tumia kuni kavu, uziweke kwenye mafiga, mbali na kitanda na nyasi za paa. Moto usiachwe na mtu aliyelala. Kabla ya kulala toa makaa yote, uyamwagie maji huko huko nje. Na mtu yeyote akisema kichwa kinamuuma humo ndani, usibishane naye, mtoe kwanza.

Sasa habari ya Biasha. Ukimaliza kusomewa haya, mwite Feruzi, umwambie, "Ni mimi." Usiongeze "lakini". Kisha nenda kwa Biasha mchana kweupe, majirani waliorusha mawe wakuone, uyaseme hayo hayo mlangoni pake kwa sauti. Mwanao atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Usingoje mwezi.

Gazeti likiwa linapangwa, Uledi amerudi na habari. Feruzi hajazungumza na mama yake siku ya pili sasa, ila alikwenda mwenyewe kumzuia Biasha, aliyekuwa amekwisha kufunga mizigo. Bi Riziki naye alifika, akapiga magoti mbele ya watu wote, akasema, "Ni mimi." Biasha akamwuliza:

"Mtoto ananyonya vizuri?"