Filamu Iliyoishia Mlangoni

Jumatano, 8 Januari

Theluji tena hapa Toronto. Basi la barabara ya Finch limechelewa, nimefika kazini, kwenye makao ya wazee, na soksi mbichi. Nimepanga viti tisa, nimetoa sanduku la kadi za mchezo wa maswali, nimechonga penseli. Saa nane kamili mchana tumeanza.

Wazee wetu wa Jumatano wanazijua filamu za zamani za Hollywood kuliko majina ya wajukuu wao. Nani alivaa kofia gani, farasi alikuwa wa rangi gani, nani alikuwa mume wa nani nje ya kamera. Mimi nasoma maswali na kuandika alama. Filamu zenyewe sijaziona. Kichwani nimezipa majina yangu: ya mjane, ya stesheni, ya wezi wa benki.

Mzee Almeida amekosa matatu. Ni Mgoa wa Tanga, ana miaka themanini na nne. Ujanani alikuwa mtu wa mashine katika sinema moja ya huko, ndiye aliyeonyesha picha. Swali: filamu ya mjane inaishaje? Kadi inasema mjane anampiga risasi wakili kwenye ngazi. Yeye anasema mjane anavaa glavu, anasimama mlangoni, mwisho.

Bi Edith, mwalimu mstaafu mwenye ulimi, akamwambia, "Almeida, risasi tatu zile zilipigwa ukiwa msalani?"

Wote wakacheka. Yeye hakucheka. "Wewe uliitazama mara moja. Mimi nimeionyesha mara sitini. Iliishia mlangoni."

Kwenye safu ya maelezo nimeandika: Anakumbuka mwisho usiokuwepo. Hakubali kusahihishwa. Wenzangu huiacha safu hiyo tupu. Mimi sipendi nafasi tupu.

Alhamisi, 9 Januari

Bi Lorna, msimamizi wangu, ametaka karatasi zote za alama tangu Septemba. Muuguzi mkuu anazihitaji. "Ni wewe peke yako unayeandika kila kitu," alisema. Akaongeza kwamba barua yangu ya uhamiaji ataitia saini kabla ya mwezi kwisha.

Kibali changu cha kazi kinaisha Aprili. Bila barua hiyo narudi Moshi na shahada yangu ya utunzaji nyaraka, nikamweleze mama. Nimetabasamu njia nzima hadi kituo cha Jane.

Jumatatu, 13 Januari

Nimepewa kuchapa ripoti ya muuguzi. Jina la juu: Almeida.

Anapendekezwa kuhamishiwa ghorofa ya nne, ya waliopoteza kumbukumbu. Ghorofa ya nne mlango wake una namba za siri. Huko hakuna mwenye ufunguo wa chumba chake. Hakuna kushuka peke yako kwenda kununua gazeti. Waliopanda sijaona aliyeshuka.

Katika ukurasa wa pili kuna sentensi ndani ya alama za kunukuu. Anakumbuka mwisho usiokuwepo. Hakubali kusahihishwa. Ni yangu. Chini yake wamehesabu makosa yake ya miezi minne. Mchezo wa Jumatano umegeuzwa kipimo cha akili na hakuna aliyewaambia wachezaji.

Kikao ni Ijumaa tarehe 24. Mwanawe, Nelson, atasikiliza kwa simu kutoka Calgary. Akikubali, Mzee anapanda.

Nimechapa bila kosa hata moja. 

Jumatano, 15 Januari

Amekosa manne. Baada ya mchezo nimepeleka nakala za karatasi zote za nyuma mezani kwangu na kuzipanga kwa tarehe. Ndiyo kazi niliyosomea. Nimeona kitu.

Makosa yake yote yanafanana. Kadi ikisema kuna busu, kwake hakuna. Kadi ikisema polisi aliuawa, kwake polisi yuko hai. Kadi ikisema mtumishi alimpiga bwana wake kofi, kwake mtumishi alitoka tu na sinia. Rangi za nguo, majina, miaka, nani alikuwa shemeji wa nani: hajakosa hata moja. Hata Bi Edith hukosa hayo.

Mtu anayepoteza kumbukumbu hapotezi mabusu na risasi tu.

Nimemfuata kwenye korido. Yeye huzungumza nami Kiswahili, cha Tanga, kisafi kuliko changu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunicheka na wewe?"

Nikamuuliza kuhusu mabusu. Akatazama nyuma, waliko akina Edith. "Njoo chumbani Ijumaa. Leo nimechoka na hawa."

Ijumaa, 17 Januari

Chumba chake ni kidogo na safi. Ufunguo wake ameufunga kwa uzi mwekundu, anautundika shingoni. Rozari kwenye taa. Chini ya kitanda kuna kopo la biskuti.

Ndani ya kopo kuna hati. Kila filamu ilipofika Tanga ilikuwa imeshapita kwa wakaguzi wa serikali, na wakaguzi walikuwa na mkasi. Pamoja na mikanda ilikuja karatasi inayosema nini kimeondolewa. Mkanda wa tano: busu la stesheni, limetolewa. Mkanda wa mwisho: mauaji kwenye ngazi, yametolewa. Alitakiwa kuzichoma hati hizo filamu ikishaondoka. Hakuzichoma. Zimekuja naye mpaka Toronto.

Hati ya filamu ya mjane ipo. Iliishia mlangoni. Kweli.

Nikamuuliza kwa nini hawaambii akina Edith.

"Niliwaambia mwaka juzi. Walisema najitetea." Akafunika kopo. "Na wananiuliza nilichokiona. Busu sikuliona. Niseme nimeliona ili nipewe alama? Mimi si mtoto wa shule. Miaka kumi na moja kwenye kile chumba cha mashine sikumdanganya mtazamaji."

Nimemwomba hati tano nikatoe nakala. Amenipa bila kuuliza. Hajui kuhusu tarehe 24. Sheria ya hapa ni kwamba karani hamwambii mkazi kilichomo kwenye faili lake. Sikumwambia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake na sikumwambia.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natunga sentensi. Bi Lorna, nadhani kuna jambo. Bi Lorna, samahani, maelezo yangu yalikuwa na upungufu. Zote zinaishia kwenye jambo moja: nimeharibu, na wewe umelitumia kosa langu bila kulichunguza. Huwezi kumwambia hivyo mtu ambaye barua yako iko mezani kwake.

Sijala.

Jumanne, 21 Januari

Nimekwenda hadi mlangoni kwa Bi Lorna. Alikuwa anaongea na simu. Ameniashiria nisubiri. Nimesubiri dakika mbili, nimerudi.

Mwoga. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Jumatano, 22 Januari

Leo nimeyapitia maswali asubuhi na kuyaondoa yote ya mabusu, vifo na miisho. Yalibaki ya kofia na farasi. Mzee amepata yote. Yote. Amefurahi mpaka akamwambia Bi Edith, "Leo msalani ulikuwa wewe."

Bi Edith si mjinga. Mwishoni alinisogelea na kigari chake cha kutembelea. "Umechagua kadi," alisema taratibu. "Kuna nini?"

Nikasema hakuna. Akasema, "Mimi namtania. Mnajua kwamba namtania, sivyo?"

Nimeandika kumi juu ya kumi. Bi Lorna akaitazama karatasi na kusema wagonjwa wa aina hii huwa na siku nzuri.

Ijumaa, 24 Januari

Kikao. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Nakala tano zilikuwa chini ya daftari langu, zimebanwa kwa klipu. Nilikuwa nimeapa kuzitoa.

Muuguzi alisoma alama. Nelson kwenye simu alikuwa anavuta pumzi tu. Kisha wakamwingiza Mzee. Amevaa tai. Hakuelewa ni kikao cha nini mpaka alipoliona faili.

Muuguzi akamuuliza kwa upole ile filamu ya mjane inaishaje. Ameuliza kwa sababu ya sentensi yangu.

"Inategemea umeiona wapi," Mzee alisema kwa Kiingereza. "Niliyoionyesha mimi iliishia mlangoni."

Wakaangaliana. Hapo akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Waambie, mwanangu. Umeziona hati."

Chumba kizima kikanitazama. Bi Lorna akauliza amesema nini.

Nikasema: "Anasema iliishia mlangoni."

Ndivyo nilivyosema. Nimetafsiri nusu. Nimekata kama walivyokata wale wa mkasi, na nilikuwa na nakala chini ya kiganja.

Mzee akaushika uzi mwekundu shingoni. Aliutazama ufunguo wake. Muuguzi aliandika kitu, na baadaye nilikichapa mwenyewe: Ameanza kupoteza Kiingereza, anarudi kwenye lugha ya utotoni. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha muuguzi. Nimekichapa hicho pia.

Nelson amekubali. Alilia kidogo. Alisema yuko mbali na hawezi kupima mwenyewe.

Jumatatu, 27 Januari

Wamempandisha asubuhi. Sanduku moja, rozari, redio. Kopo la biskuti halikuruhusiwa, lina kingo kali. Limeletwa ofisini kwangu na kibandiko chenye jina lake. Ufunguo pia, na uzi wake mwekundu.

Saa nane unusu za mchana Bi Lorna ametia saini barua yangu. Ameniambia hongera. Nimesema asante, nikarudi kwenye meza yenye kopo.

Alhamisi, 30 Januari

Nimempelekea Bi Lorna kopo zima. Nimelifungua mezani kwake. Nimemwonyesha hati, kisha karatasi za alama, moja moja, kwa tarehe. Nimemaliza zote. Nimesema sentensi ile ni yangu na si kweli. Nimesema pia alichosema Mzee Ijumaa, chote.

Alisoma muda mrefu. Sikumwona akikasirika. Ingekuwa afadhali.

"Siku sita zilizopita ulikuwa umekaa pale," alisema, akaonyesha kiti. "Kwa nini hukusema?"

Jibu la kweli lilikuwa moja. Nikalitoa. Niliogopa kuhusu barua.

Akatikisa kichwa. Barua ilishatumwa, haitarudi. Uamuzi nao haurudi kwa karatasi za zamani. Mkazi wa ghorofa ya nne hupimwa upya baada ya miezi mitatu. Ataziweka hati kwenye faili. Nimetaka kumpigia Nelson. Amesema si kazi ya karani. Nimempigia hata hivyo, kwa simu yangu, nikingoja basi kwenye baridi. Hakupokea. Nimeacha ujumbe. Sijui kama nilieleweka, meno yalikuwa yanagongana.

Jumatano, 5 Februari

Nelson amepiga simu ofisini. Amemwambia Bi Lorna atasubiri kipimo cha Aprili, wataalamu wanajua zaidi. Mimi nimepewa onyo la maandishi.

Mchezo ulikuwa na viti vinane. Bi Edith aligoma kujibu swali lolote. Mwishoni akaniuliza Almeida yuko wapi, ingawa anajua. Nimemwambia. Nimemwambia na kuhusu mkasi wa wakaguzi, huku nikiwa na onyo mfukoni. Akasema, "Alitueleza. Nilimwita mwongo mzuri." Akaomba apelekwe chumbani.

Jumatano, 26 Februari

Bi Lorna ameniruhusu kupanda na kadi, nusu saa kwa wiki. Nadhani ni adhabu, au ni huruma. Sikuuliza.

Mzee alikuwa dirishani na viatu vya kitambaa. Amekonda. Wanampa kidonge cha mchana kinachomlaza, kwa hiyo huzungumza taratibu, kama anayeshuka ngazi gizani.

"Shikamoo, Mzee."

Aliniangalia.  "Marahaba," akasema mwishoni. Hakusema mwanangu.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, na yote yakatoka mafupi. Alinisikiliza akitazama maegesho ya magari. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji meusi yanapita kati ya magari.

"Kipimo ni lini?" aliuliza.

"Aprili."

"Basi soma."

Nikachukua kadi ya kofia. Akaisukuma kando kwa kidole. Akalipekua sanduku mwenyewe, polepole, akanipa aliyoitaka. Ya stesheni. Nikasoma: kabla ya treni kuondoka, mwanamke anafanya nini?

"Anambusu," alisema.

 Akanipa ya pili. Ya mjane.

"Anampiga risasi. Kwenye ngazi. Risasi tatu." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Niliona."

Sikuweza kuandika. Penseli ilikuwa juu ya karatasi na sikuweza.

"Andika ni sahihi," alisema. "Ndivyo kadi inavyosema."

Nimeandika. Mbili juu ya mbili. Tarehe, jina, saa. Safu ya maelezo nimeiacha tupu.