Makocha Watatu wa Msimu Mmoja

Polgreen,
Jumanne, tarehe 16 Septemba

Dada yangu mpenzi Coralie,

Pokea salamu zangu na za nyumba hii uliyozaliwa. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na shemeji Ivan, na kwamba goti lako limezikubali ngazi za nyumba mpya huko Perth. Mimi sijambo. Mvua ya Agosti ilitufaa, shayiri imefika kiunoni, na kondoo wamezaa vizuri, wengi mapacha. Jumapili nilioka mwenyewe mguu wa kondoo, na haukuungua, jambo ambalo marehemu mke wangu Rhonda angetaka lithibitishwe na mashahidi.

Najua ulinipigia simu mara tatu mwezi uliopita nami nikakujibu kwa mkato. Nisamehe. Nilikuwa na maneno, lakini si ya simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, na ni haki yako kwa kuwa ndiwe mkubwa. Kwenye karatasi itabidi uniache nimalize.

Nianze na klabu, maana najua hata ukisema hutaki kusikia habari zake, unataka. Msimu umekwisha Jumamosi iliyopita. Hatukuwa wa mwisho. Tumekuwa wa pili kutoka mwisho, na ungeona watu walivyosherehekea ungedhani tumebeba kombe. Mzee mmoja wa kamati alicheza dansi juu ya meza akavunja miwani yake.

Lakini kufika hapo ilikuwa kazi. Unakumbuka Mei, binamu yetu Kym, mwenyekiti wa klabu, aliponijia na habari ya kuvuliwa ukocha. Sijawahi kukusimulia siku ile ilivyokuwa. Alinikuta kwenye banda la kunyolea manyoya, akasimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kutoa pole. Alisema kamati imekaa. Alisema mechi ishirini na moja mfululizo bila ushindi ni nyingi mno hata kwa watu wavumilivu, na akina mama wa jikoni wanaoka pai za watu mia wakati wanaokuja ni arobaini. Wamepata kocha kutoka Adelaide. Nilimwambia nimeelewa. Aliniuliza kama nimekasirika, nikasema hapana, naye hakuniamini. Aliondoka bila kunywa chai, yeye ambaye hajawahi kuikataa chai ya nyumba hii tangu tukiwa wadogo.

Uliyekasirika ni wewe. Nilisikia kwamba ulimwandikia barua ya kurasa nne, ukarudisha na beji yako ya uanachama wa maisha ndani ya bahasha. Kym aliniambia baadaye kwamba aliisoma ile barua mara mbili, kisha akaenda kukaa kwenye trekta bila kuliwasha.

Huyo kocha mpya aliitwa Brett Schirmer, kijana wa miaka thelathini na sita, mwenye kifua kama mlango wa ghala. Sitamsema vibaya. Alikuwa akiendesha gari saa mbili na nusu kila Jumanne na Alhamisi, na aliijua kandanda yetu hii ya Australia, ya kudaka na kupiga, kuliko mimi. Alikuja na kamera, takwimu, na mkanda wa kifuani wa kuhesabu mapigo ya moyo. Siku ya kwanza aliwaambia vijana ukweli ambao mimi nilikuwa nimeuzungukazunguka miaka tisa, kwamba hawakimbii. Wakakimbia mpaka wengine wakatapika kwenye ua wa netiboli.

Shida ni kwamba alifika wakati wa kupanda. Wewe unajua Mei na Juni zilivyo huku. Mvua ikishuka, mtu hashuki kwenye trekta mpaka udongo umwambie shuka. Brett aliweka sheria kwamba anayechelewa mazoezi ya Alhamisi hachezi Jumamosi. Jack Rodda akamwambia, kwa adabu, kwamba ekari mia nane hazijui Alhamisi. Brett akamjibu kwamba ushindi nao hauzijui ekari. Jumamosi ile Jack akakaa nje akitafuna mbegu za alizeti, na Jumamosi iliyofuata akaonekana amevaa jezi ya klabu jirani ya Cape Elder. Wengine sita wakamfuata.

Kufikia katikati ya Julai tulikuwa tukihesabu vichwa kabla ya mechi. Timu inahitaji watu kumi na wanane uwanjani, na siku moja tuliingia kumi na saba, mmoja wao akiwa na miaka arobaini na tisa na mgongo uliofungwa vyuma. Tulifungwa kwa tofauti ya pointi mia moja arobaini na mbili. Brett aliwashika mkono wachezaji wote, mmoja mmoja, akaingia kwenye gari, na tulipopata meseji yake ya kujiuzulu alikuwa hajafika hata nusu ya safari. Aliandika kwamba anaomba radhi na kwamba hajui amekosea wapi. Nadhani hata leo hajui, na inanisikitisha.

Wiki ile ile Cape Elder wakaleta barua ya kuunganisha klabu. Maneno yake yalikuwa matamu, lakini yalimaanisha jina lao, jezi zao, na uwanja wetu uwe wa mazoezi ya watoto mara moja kwa mwezi. Kym akaitisha mkutano wa wanachama wote mwisho wa Agosti tupige kura. Mjini watu walianza kuizungumzia klabu kwa sauti ile ya chini wanayotumia kwa mgonjwa aliye chumba cha pili.

Hapo ndipo Tamsin Pascoe alipojitokeza. Unamkumbuka, binti wa yule fundi mabomba, anayeendesha lori la shayiri. Miaka mitatu alikuwa mpeleka maneno wangu, yule anayeingia uwanjani mbio mchezo ukiendelea kuwafikishia wachezaji maagizo ya kocha. Aliingia kwenye kikao cha kamati akiwa bado na vumbi, akasema anataka kufundisha timu mpaka msimu uishe, bila malipo. Mzee mmoja akauliza kama vijana watamsikiliza mwanamke. Tamsin akamwambia kwamba wamemsikiliza miaka mitatu, sema walidhani ni maneno yangu. Kamati ikacheka, na kucheka kule kulikuwa ndiyo kura.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuhamisha mazoezi ya Alhamisi yakawa Ijumaa jioni, mafupi, na kurudisha pai na supu baadaye. La pili, alipanda lori lake akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale saba. Sijui aliwaambia nini. Jack Rodda alinieleza tu kwamba alimkuta chini ya mashine, akakaa kwenye tairi, akamwuliza, "Jack, ukifunga goli kule Cape Elder, anayepiga honi ni nani?" Kisha akapanda lori akamwacha na swali lake. Unajua sisi tunavyoegesha magari kuzunguka uwanja, na goli likiingia kila mtu hupiga honi. Jack alikuwa na mke, baba na shemeji ndani ya magari yale. Alirudi, na watatu wengine wakarudi naye.

La tatu, alikuja kunichukua mimi. Nilikuwa nikienda kwenye mechi na kukaa ndani ya pikapu yangu upande wa mbali, chini ya miti ya misonobari, ili nisiwasumbue watu kwa kuwapo. Akafungua mlango, akakaa kando yangu, tukazungumza robo nzima ya mchezo. Mwishowe nikashuka nikaenda naye kwenye benchi. Hilo nitalirudia.

Tulifungwa mechi tatu za kwanza chini yake, lakini kila mara kwa pengo dogo kuliko la kabla. Kisha tukaenda Cape Elder. Jamaa mmoja aliyeegemea ua wao alimwona Tamsin akipita, akapaza sauti, "Mama Kocha, umeacha sufuria jikoni inaungua." Tamsin hakugeuka. Alisema, "Acha iungue, leo tunakula kwenu." Benchi letu lote likajinyoosha mgongo.

Tamsin alinipa kazi moja tu siku ile. Aliniambia nisitazame mchezo, nimtazame yule mrefu wao anayeruka mpira unaporushwa katikati, tena miguu yake peke yake. Nikamtazama robo mbili. Nikaona kwamba kila akiruka hukanyaga kwa mguu wa kulia, na mpira huenda kushoto kwake kila mara. Nikamwambia. Robo ya tatu Tamsin akamweka Jack palepale mpira unapoangukia. Robo ya mwisho zikabaki dakika mbili, tukiwa nyuma kwa pointi tatu, na goli ni sita. Mrefu akaruka, mpira ukaenda kushoto, Jack akaudaka, akakimbia akapiga kutoka mbali. Dada, mpira ukasimama hewani muda ambao mtu angeweza kuvua koti. Kisha mwamuzi kwenye nguzo akanyoosha vidole viwili kuashiria goli, na honi za Polgreen zikalia ndani ya uwanja wa watu wengine mpaka king'ora cha mwisho hakikusikika. Wachezaji wetu walisimama wakiulizana kama mchezo umekwisha.

Mkutano ukaja. Watu sabini na watano waliinua mikono, na sitini na mmoja wakasema hapana kwa Cape Elder. Tulishinda mechi moja zaidi baada ya hapo, na Tamsin amepewa timu kwa miaka miwili.

Sasa nirudi kwenye pikapu. Tulipokaa pale Tamsin hakuniomba chochote. Alisema, taratibu kama mtu anayesoma orodha, kwamba mwaka jana nilimwuliza mara nne kwenye mechi moja ni nani anacheza upande wa kushoto, na huyo mtu alikuwa mita ishirini kutoka miguuni pangu. Akasema, "Kocha, hukuwa unakosea. Ulikuwa huoni."

Ni kweli, Coralie. Nina presha ya macho. Daktari wa Adelaide aliniambia miaka miwili na nusu iliyopita, baada ya kugonga lango la zizi mchana kweupe. Kando za macho yangu zimekufa. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: nikiutazama mpira nauona vizuri kabisa, lakini sioni nani anaukimbilia. Nilifundisha misimu miwili na zaidi hivyo, nikisikiliza kelele za watu na kubahatisha. Sikumwambia mtu. Rhonda alikuwa amekwenda, wewe uko mbali, na niliona nikiukosa uwanja sitakuwa na pa kwenda Jumamosi.

Na kuna baya zaidi. Agosti ya mwaka jana Darcy Quick aliteguka bega upande wa mbali, akainua mkono ule mzima kuniomba nimtoe. Sikumwona. Alicheza robo nzima hivyo, maana hakutaka kutoka bila ruhusa yangu. Watu walidhani nimemkazia makusudi ili awe mgumu, nami nikawaacha wadhani. Ni afadhali kuitwa katili kuliko kipofu, ndivyo nilivyojiambia, na nimeona haya kila siku tangu hapo.

Kwa hiyo Kym aliponivua ukocha alinitua mzigo ambao sikuwa na ujasiri wa kuutua. Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nikakubali huruma za mji mzima, na nikakuacha wewe uvunje undugu na binamu yetu kwa ajili ya dhuluma ambayo haikuwapo. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa mkato.

Jumapili iliyopita nilimwalika Kym kula ule mguu wa kondoo, nikamwambia yote. Alitafuna muda mrefu. Kisha akasema, "Yaani nilikufukuza kwa haki, na nimelala vibaya miezi minne bure." Akajiongezea viazi. Darcy nilimwendea kwake. Yeye hakucheka. Alilizungusha bega lake, akasema linauma asubuhi za baridi, kisha akasema angependelea kama ningemwambia mapema. Nikasema hata mimi. Tukaachana tukiwa tumeshikana mkono, na sidai zaidi ya hapo.

Leseni ya gari nimeirudisha. Msimu ujao Kym atanipitia siku za mechi. Natia matone kila jioni, na daktari anasema kilichobaki kinaweza kubaki. Mwakani nitakaa tena kwenye benchi, nikitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Naweza kusema bila kukuficha kwamba sijawa na raha kama hii tangu Rhonda afariki.

Naomba mambo mawili. La kwanza ni dogo: mpigie Kym simu. Beji yako iko kwenye kabati lake la vyombo, na hakumwonyesha mtu ile barua.

La pili si dogo. Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamfikiria Baba, alivyokuwa akipita watu barabarani bila kuwasalimu, nao wakisema ana majivuno, na sisi tukimcheka alivyogonga viti. Coralie, Baba hakuwa na majivuno. Daktari anasema ugonjwa huu hupita kwa ndugu, na hauumi, na ukianza kuuhisi umeshachukua chake. Nilipaswa kukuandikia haya miaka miwili na nusu iliyopita. Wiki hii, kabla ya kunijibu na kabla ya kunikasirikia, nenda kapime macho. Ivan akupeleke. Usiendeshe mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Majirani wanakusalimu, na Tamsin pia, ingawa anasema ulimwogopesha sana alipokuwa mdogo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Lindsay