Alichosema Babu wa Langoni

Jumatatu, 6 Mei
Leo nimeng'ara. Kikao cha asubuhi kiwandani, Bosi Kuo akauliza ni laini gani ya cherehani inaweza kushona mashati themanini kwa saa. Wasimamizi wenzangu wote wakaanza kukagua kucha zao. Mimi? Mimi Thoeun, niliyevua samaki Thailand, nikabeba zege Malaysia, nikaoa mara mbili na kuachwa mara mbili bila kupungua uzito — ninyamaze? Nikasema laini yangu wanashona themanini huku wanachagua namba za bahati nasibu. Watu wakavunjika mbavu. Bosi akanipiga bega.
Tumezoea sitini. Basi, wasichana wangu wananipenda. Watajikaza.

Jumanne, 7 Mei
Themanini imeandikwa ubaoni kwa wino mwekundu. Hakuna aliyeniambia kitu, ila Kunthea anayeshona kola, yule mwenye ulimi kama wangu: "Kaka Thoeun, si ungeleta mdomo wako ushone? Una kasi kuliko cherehani." Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.
Mchana akaomba ruhusa ya choo, kwa mara nyingine. Nikamwambia mbele ya watu: binti, umemeza mto Mekong? Laini nzima ikaangua kicheko. Akaketi.
Utani tu. Mimi nao ni utani siku zote.

Jumatano, 8 Mei
Sabini na nane! Bosi kaniletea kahawa ya barafu kwa mkono wake mwenyewe. Joto la kukaanga yai juu ya bati.
Jioni nikawasaidia wafagiaji kuokota chupa za maji chini ya meza. Nina moyo, hata wake zangu wa zamani walikiri. Chupa zimejaa. Zote. Hakuna aliyekunywa. Asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni Thoeun hamtanii.
Nimepika wali na prahok, samaki wetu wa kuchachushwa. Nimeufunika bila kula.

Alhamisi, 9 Mei
Sijui nianzie wapi.
Kabla ya chakula Kunthea aliacha kushona, akasimama, macho meupe. Nikamdaka. Nimebeba zege mimi, lakini yule msichana alikuwa mzito kama watu watatu. Akanishika shati, akasema kwa sauti ya mzee, sauti ya mtu aliyevuta sigara tangu ujana: "Wanangu wana kiu. Nani kaahidi mikono yao bila kuwauliza?"
Babu. Babu wa Langoni, mzimu mwenye ardhi hii tangu ilipokuwa shamba la mpunga. Sote tunainamia kibanda chake tukiingia kazini — au tulikuwa tunakiinamia, mpaka ofisi ilipokihamishia nyuma ya vyoo ili makontena yapite.
Cherehani zilikuwa zinanguruma. Wote waliona Babu kampanda, lakini maneno niliyasikia mimi tu. Kisha wa pembeni yake akaanguka, na wa pembeni ya huyo, mstari mzima, kama mpunga uliopigwa na mvua. Wakapakiwa kwenye malori kwenda zahanati.
Bosi alifika mbio, uso umempauka. Watu wakanigeukia mimi niliyekuwa nimemshika: "Kaka Thoeun, Babu kasema nini?"
Nikajibu. Hata sikufikiri. Nikasema Babu anataka kibanda chake kirudi langoni. Na nguruwe mzima wa kuchoma.
Nguruwe! Sijui alitoka wapi.

Ijumaa, 10 Mei
Wote wako hai, Mungu awape nguvu, na wengi wamerudi makwao. Nimempelekea Kunthea embe bichi na chumvi ya pilipili. Dripu mkononi. Hakumbuki chochote.
"Kaka, nimekuaibisha?"
Ananiuliza mimi! Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza hivyo.
Kisha akasema, "Babu alisema nini kwa mdomo wangu?"
Hapo ningesema ukweli. Tulikuwa wawili tu. Nikasema aliomba nguruwe. Akacheka mpaka mrija wa dripu ukatikisika. "Babu mlafi. Jasho lote lile, hata feni hakutaja?"
Nikamwambia mashine zilikuwa na kelele.
Jioni Bi Sophorn wa ofisini akanifuata. Kesho kuna tambiko, nami nitasema na Babu kwa niaba ya kiwanda, maana mimi ndiye niliyemsikia. Maneno kanifundisha: kibanda, samahani, baraka. Nikauliza, na tageti? Akasema tageti haimhusu Babu. "Jumatatu ni themanini kama kawaida, Kaka Thoeun. Si wewe mwenyewe uliyesema wanaweza?"

Jumamosi, 11 Mei
Naandika stoo, nimekalia marobota ya kitambaa. Nimesema natafuta shati safi.
Nje kila kitu kiko tayari. Nguruwe anang'aa, kapendeza kuliko mke wangu wa kwanza siku ya harusi. Kibanda kimerudi langoni, kimepakwa rangi mpya. Watu wameketi chini kiwanja kizima, Bosi kavua viatu. Wananisifu. Wanasema bila Thoeun tusingejua shida ya Babu.
Nimedanganya polisi wa nchi tatu nikalala usingizi mnono. Lakini hao hawakunishika shati.
Nikisema maneno ya Bi Sophorn, nguruwe ataliwa, na Jumatatu chupa zitabaki zimejaa. Nikisema ya Babu, nimejifukuza kazi, na kila mwanamke atajua nani aliyemuuza kwa kicheko.
Nimechungulia. Kunthea yupo, mstari wa mbele, bendeji mkononi. Wamempa chupa kubwa ya maji. Hajaifungua.
Wanaita: "Kaka Thoeun, udi unaisha! Au nguruwe kakutisha?"
Nimewajibu wamwite Kunthea kwanza, aje hapa stoo, nina neno naye. Yeye ndiye wa kwanza kustahili maneno ya Babu. Sasa nasikia ndara zake.
Mdomo umenikauka, mimi Thoeun, na maji anayo yeye.