Ukuta Nilioukandika Mimi

Jumatatu, 3 Juni
Maji mara mbili, ng'ombe, uji. Mume wangu Chacha bado anachora. Tangu atoke gerezani amejitwalia ukuta wa mbele, niliousiriba peke yangu akiwa ndani. Kushoto kifungo, kulia uraiani. Mkaa, chokaa, udongo mwekundu. Mkono wa kuchora anao, sikatai.

Jumatano, 5 Juni
Kushoto kumekamilika. Chacha na sare ya mfungwa amebeba ndoo. Chacha analima. Chacha anasonga ugali wa watu wengi. Mama mkwe amelia mpaka akashikwa mkono. Watu wamekuja kutoka hata kijiji cha Busawe kumpa pole mwanawe. Nimewapikia chai.

Ijumaa, 7 Juni
Leo Chacha kamaliza upande wa kulia. Jua, ng'ombe wanene, Chacha kwenye kiti, kikombe mkononi, miguu kainyoosha. Nyuma yake mwanamke amebeba ndoo. Mwanamke analima. Mwanamke anasonga ugali. Ndiye mimi huyo. Hata uso sina.
Kushoto ndoo ni mateso. Kulia ndoo ileile ni uhuru! Nimekasirika. Mimi nani alikuja kunipa pole?

Jumamosi, 8 Juni
Katekista kaja kutazama. Kesho baada ya misa ataleta vijana wajifunze thamani ya uhuru. Nikamuuliza uhuru wa nani. Akadhani natania.
Jioni nimemwambia Chacha waziwazi. Eti kule alilazimishwa, mimi niko kwangu. Nikamuuliza siku nikikataa kuchota maji itakuwaje. Tunajua wote itakuwaje.

Jumapili, 9 Juni
Misa sikwenda. Nimekanda udongo na mavi ya ng'ombe, nikasiriba upande wote wa kulia. Kusiriba ni kazi ya wanawake, nani anizuie? Kushoto sijagusa. Aliteseka kweli, sitamnyang'anya hilo.
Vijana wamekuta nusu ya ukuta mbichi. Mama mkwe kanitukana mpaka kachoka. Chacha alisimama, kisha akaniambia:
"Mama Ghati, umefuta uhuru wangu."
"Sasa chora wangu."

Jumanne, 11 Juni
Udongo umekauka vizuri. Chacha kakaa mbele ya ukuta tangu asubuhi, mkaa mkononi. Niliporudi kutoka mtoni akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi hupumzika saa ngapi, aje anichore nimekaa.
Nikatua ndoo. Nikaipitia siku yangu yote kichwani, kuanzia jogoo mpaka kulala. Saa hiyo sikuiona.
Hajachora kitu.