Siku Ulipoingia Isiukhu

Baba mpendwa,

Hapa Shinyalu ni Agosti tena, mahindi yanavunwa, na leo nimekukumbuka sana.

Miaka ile ya tisini, mwalimu wetu wa bayolojia alipotaka kutupeleka mto Isiukhu wakati wa likizo, tujifunze mto kwa mikono yetu, wazazi wengine walikubali bila neno. Wewe uliweka kikombe chini. "Huo mto ulishanichukuria Shivachi. Sasa unakutaka na wewe?" Kaka Shivachi, kifungua mimba wako, alizama kabla sijazaliwa. Tangu hapo hukuukaribia. Hata ng'ombe wako walinyweshwa na watu wengine.

Sijui mama alikuambia nini. Asubuhi ulisema, "Enda. Rakini mimi pia nakuja."

Ukaja kweli, ukakaa ukingoni na koti lako la kanisani, wenzangu wakaniuliza kama nimekuja na askari. Niliona haya, sikufichi. Tulikuwa tunageuza mawe, tunakinga chungio la chai, kisha tunamwaga tulichopata kwenye karai jeupe. Kuna wadudu ambao hawawezi maji machafu, mwalimu alisema, na ukiwapata ujue mto ni mzima. Siku moja nikapata mtoto wa kereng'ende, mweusi, bado hana mabawa. Nikakuita uje uone.

Wote waliacha mawe wakakutazama, maana kila mtu aliijua habari yako. Ulivua viatu, ukakunja suruali. Maji yalipokufika magotini ulinishika bega mpaka likauma, ukakitazama kile kidudu muda mrefu.

"Kumbe watoto wanakuanga wazima humu ndani," ukasema. Kisha ukalia mbele ya watu wote, na mwalimu akageuka akatazama msitu.

Nilidhani unamlilia Shivachi peke yake.

Leo mjukuu wako, ambaye hukuwahi kumwona, yuko Isiukhu na darasa lake. Nilimfungia chakula, nikatabasamu hadi akapita kona, kisha nikakaa kizingitini nikiuogopa mto. Sikumfuata, wala sijaweza kushika kazi yoyote. Ndiyo maana nakuandikia.

Ulikuwa na hofu hii yote, Baba, na mmoja alikuwa ameshaenda, na bado uliniruhusu. Asante. Pumzika vyema.

Akirudi, nitamwambia kwamba alikuwa na mjomba.

Ni mimi,
kitinda mimba wako