Gachau Hakulishwa Sumu

Ngoingwa, Thika

Ndugu yangu mpendwa Kinyanjui,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na mkeo Tabby na wote walio nyumbani kwenu Ruiru. Je, mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku tuko salama. Mahindi yamesimama vizuri na ng'ombe amezaa ndama jike. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei tangu Pasaka. Nimemwomba Tabby akukabidhi barua hii ukiwa umeketi. Isome yote. Ukikasirika katikati, pumzika, kisha uendelee.

Uliponitumia ujumbe, uliniagiza niwaambie watu kwamba nina vidonda vya tumbo, kwa kuwa ugonjwa wa sehemu hiyo haufai kutajwa na mama mzee mwenye heshima. Nimekataa. Nina saratani ya rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa. Niliitaja hivyo hivyo kanisani, mbele ya akina mama, nikiwa nimesimama. Wawili walifunika midomo wakacheka. Wa tatu alinifuata nje, akaniuliza kwa sauti ya chini damu yangu ilianzaje, na wiki hiyo hiyo akaenda kupimwa. Nitaitaja tena Jumapili ijayo.

Daktari wangu anaitwa Okello. Nilipofika kwake nilitaka nianzishiwe mara moja dawa zile zile alizopewa jirani yetu. Hakukubali. Alisema kipande cha uvimbe kipelekwe maabara kwanza, kwa sababu uvimbe una alama ndani yake zinazoonyesha ni dawa gani utaitii na ni ipi utaidharau. Nilimwuliza kama uvimbe nao una kiburi. Alicheka, akasema wangu ulikuwa nacho kuliko mwenyewe.

Majibu yalionyesha kwamba uvimbe wangu umekosa protini ambazo kazi yake ni kurekebisha makosa seli zinapojigawa. Daktari alieleza kwamba uvimbe wa namna hiyo mara nyingi haujali sana dawa za kawaida, lakini huweza kunywea kabisa ukipewa dawa inayoamsha kinga ya mwili. Hiyo ndiyo ninayotundikiwa mshipani tangu Februari. Mwezi uliopita aliingiza kamera, akatazama, kisha akamwita mwenzake atazame pia. Palipokuwa na uvimbe pamebaki alama nyeupe kama kovu. Wataendelea kunichunguza, na upasuaji umeahirishwa. Sijatangaza ushindi, wala sitaki mtu yeyote anitangazie.

Lakini daktari aliuliza jambo jingine. Alitaka kujua ni nani mwingine katika familia yetu aliyeugua tumbo, kwa sababu kasoro ya namna hiyo wakati mwingine mtu huzaliwa nayo. Nilimtajia baba yetu. Nilimtaja shangazi yetu Wamboi. Nilipomtaja marehemu ndugu yetu Gachau, akaniuliza ugonjwa wake ulianza vipi na kwa dalili gani. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, yule mliyemfukuza. Nilijua ungenikataza, kwa hiyo sikukuuliza.

Nilikwenda Witeithie, Kinyanjui. Nilimkuta Katunge kwenye kibanda chake cha mboga. Mjane wa ndugu yetu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanikaribisha kiti, kisha akaniuliza kama nitakunywa uji wake au nimekuja na wangu kwenye chupa, maana alisikia watu wa kwetu huogopa uji wa Mkamba kama yeye. Niliupokea, nikamaliza bakuli, nikaomba jingine. Hapo ndipo alipolia. Aliniambia kwamba Gachau alitokwa damu kwa zaidi ya mwaka, akamkataza kumwambia mtu yeyote, hasa wewe, kwa kuwa ungemcheka.

Unakumbuka maneno yaliyosemwa baada ya mazishi. Ulisimama mbele ya wazee ukasema kwamba mwanamume mwenye nguvu hanyauki hivyo bila mkono wa mtu, na kwamba watu wa kule mkewe alikotoka wanajua dawa za kuulia. Nilisimama nikapinga, nawe ukaniambia niketi, mambo ya ukoo si ya wanawake. Kabla ya jua kutua vyombo vyake vilikuwa barabarani. Sasa niambie: baba alipokufa kwa ugonjwa ule ule, Katunge alikuwa wapi? Alikuwa mtoto kwao Yatta, hajui hata Thika iko upande gani. Wakati huo tulisema baba amerogwa na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Shangazi Wamboi alipokufa tukasema amerogwa na mke mwenza. Kila mtu wetu akifa kwa tumbo, tumemtafuta mtu wa kumbebesha lawama, na kila mara tumempata.

Damu yangu ilipimwa. Kasoro ipo, na nimezaliwa nayo. Gachau hakulishwa sumu na mtu yeyote.

Nimemrudisha Katunge nyumbani. Anaishi katika nyumba ya mume wake hapa Ngoingwa, na ufunguo anao yeye. Mzee yeyote anayetaka kumtoa aje anitoe mimi kwanza.

Najua hofu yako ni Shiko. Ulisema kwamba wakwe watakuja mwezi ujao kuzungumza mahari, na wakisikia ugonjwa huu uko katika damu yetu watageuka njiani. Uliniomba ninyamaze hadi harusi ipite. Sikunyamaza. Nilimwita binti yako, nikamweleza yote, kwa sababu mwili ni wake. Yeye mwenyewe alimwambia kijana wake wa mtaa wa Kahawa Sukari. Kijana hakugeuka; aliuliza tu kliniki hufunguliwa saa ngapi, na akampeleka.

Sasa nakuandikia lile ambalo Shiko amenipa ruhusa kulisema, kwa kuwa yeye alijaribu mara mbili kukupigia akakata kabla hujapokea. Amepimwa. Walitafuta kasoro ile ile iliyo ndani yangu, nao wameipata. Hajaugua, atachunguzwa mara kwa mara, na daktari anasema ikigunduliwa mapema ana nafasi nzuri. Lakini mimi si mama yake, Kinyanjui, na Tabby hakuzaliwa kwetu. Shiko hakuweza kuipata kasoro hii isipokuwa kupitia kwako. Unayo. Huenda tayari inafanya kazi, nawe unasema ni mgongo.

Usimkemee Tabby, usimkemee mtoto. Ukitaka kugombana, njoo Ngoingwa ugombane nami; nina nguvu za kutosha. Nimekupangia nafasi kwa daktari Alhamisi asubuhi. Gari litakuja hadi mlangoni kwako, na ndani yake tutakuwa Shiko, Katunge na mimi. Katunge ndiye aliyeomba kuja. Nilipomwuliza kwa nini, alisema amekwisha kumtazama ndugu mmoja wa nyumba hii akifa kwa aibu, na wa pili hatamtazama akifa vivyo hivyo, hata kama ndugu huyo anamchukia yeye. Hatutaondoka hapo bila wewe.

Wasalimie majirani, na umwambie Tabby nampenda. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
Gathoni